Daktari akisema mgonjwa ni "poorly"

Ukihamia kaskazini mwa Uingereza, iwe Leeds, Hull au Sheffield, wiki haitaisha hujalisikia neno "poorly". Jirani atakuambia mwanawe hakwenda shule leo kwa kuwa ni "poorly". Keshia wa dukani atamwuliza bibi aliye mbele yako kwenye foleni kama mumewe bado ni "poorly". Mwalimu wa chekechea atamwinamia mtoto aliyechubuka goti na kumpa pole kwa "poorly knee" yake. Ni neno la nyumbani, lina huruma ndani yake, na mama hulitamka huku akimfunika mtoto blanketi. Neno hilohilo daktari bingwa, akiwa kando ya kitanda saa nane za usiku, hulitumia kuwaambia watu kwamba mzazi wao huenda asiione asubuhi.

Mimi ni mkalimani wa Kiswahili katika hospitali za Yorkshire, eneo la miji hiyo ya kaskazini. Nimeamua kuliandikia neno hili moja kwa sababu sisi Waswahili tunaoishi huku linatugharimu, na gharama yake nimeiona kwa macho yangu.

Tuliosoma Kenya na Tanzania tulifundishwa "poorly" kama kielezi, basi. Mwanafunzi amefanya "poorly" kwenye mtihani, mfanyakazi analipwa "poorly", barabara imejengwa "poorly". Maana yake vibaya, hafifu, ovyo. Sasa nesi anapokuja na kusema mama yako ni "very poorly", sikio lililosomea kwetu hubaki likingoja sentensi imalizike. Vibaya nini? Anakula vibaya? Analala vibaya? Anapumua vibaya? Na wapo wanaolisikia "poor" humo ndani. Baba mmoja alinivuta kando ya korido akaniuliza, kwa hasira aliyokuwa akijitahidi kuificha, kwa nini wauguzi wanamwita mkewe maskini. Alikuwa amelisikia neno hilo mara nyingi siku ile, na kila mara liliingia moyoni kama tusi.

Kwa Waingereza neno hili ni kivumishi, ingawa limevaa "-ly" mwishoni kama vielezi vingi vya lugha yao. Hufuata kitenzi: mtu yuko "poorly", anajisikia "poorly", anaonekana "poorly". Pia hutangulia nomino, na huko ndiko linakowatisha wanaolielewa: katika wodi ya watoto njiti utawasikia wakunga wakisema "a poorly baby", nao hapo hawazungumzii mafua. Watu wa Yorkshire hulizidishia uzito kwa "right poorly" au "proper poorly". Mmarekani wa mjini hulielewa lakini halitumii sana. Yeye husema "sick". Na "sick" nayo ina yake. Muingereza akisema mgonjwa "has been sick" usiku, mara nyingi anamaanisha ametapika. Mkenya aliyefika juzi akimwambia nesi mama yake "is sick", asishangae akiletewa bakuli la kutapikia.

Uzito wa "poorly" haukai kwenye neno lenyewe. Uko kwa anayelisema, mahali anapolisemea, na kijineno kinacholitangulia. "A bit poorly" getini mwa shule ni homa ya siku mbili. "Poorly" kwenye simu ya mtu anayeomba ruhusa kazini ni ugonjwa wa kumlaza nyumbani. Lakini wauguzi wanapopokezana zamu, mmoja akamwambia mwenzake kwamba mgonjwa wa kitanda fulani ni "really poorly", mwenzake huenda kumtazama huyo kabla hajavua koti. Kwa watu wa wodi hiyo ni ishara ya hatari. Tatizo ni kwamba wameizoea kiasi cha kusahau kwamba aliye nje ya wodi haifahamu, hata Muingereza mwenzao. Daktari akisema "very poorly" mbele ya familia huamini ameshasema jambo zito. Familia huamini imesikia jambo jepesi. Wote wawili huondoka wakidhani wameelewana.

Kisa kilichonifanya nilikamie neno hili kilitokea nisipokuwepo. Mimi nilikikuta kesho yake.

Familia yenyewe ilikuwa ya asili ya Barawa, wale ndugu zetu wa pwani ya Somalia ambao Chimwiini chao ni tawi la Kiswahili, na ambao wengi walitawanywa na vita vya mwaka 1991 wakapitia Mombasa kabla ya kufika Ulaya. Babu alikuwa amelazwa kwa nimonia. Jioni daktari wa zamu alipita, hakukuwa na mkalimani aliyeitwa, na kando ya kitanda walikuwepo bibi na mjukuu wa kiume wa umri wa shule ya sekondari, mzaliwa wa hukuhuku. Daktari akamwambia kijana kwamba babu yake ni "very, very poorly" na kwamba wanafanya kila wawezalo. Kijana akamgeukia bibi yake akamwambia: babu hajisikii vizuri kabisa, lakini madaktari wanamshughulikia.

Kijana hakudanganya. Kwa maisha yake yote "poorly" ilikuwa kuumwa tumbo na kubaki nyumbani. Bibi akashukuru Mungu, akaenda zake kupika uji wa asubuhi. Mwanawe wa London akaambiwa aje mwishoni mwa wiki. Binti aliyekuwa Muscat akaambiwa asiwe na wasiwasi.

Nilipoitwa kesho yake daktari wa mchana alianza kuzungumzia kuzima baadhi ya mashine, na bibi akanitazama kama nimekosea chumba. "Mwanangu, asemaje huyu? Si walisema hajisikii vizuri tu?" Niliyatafsiri maneno yake kama alivyoyasema. Daktari akafungua jalada, akaonyesha kidole: hapa, jana jioni, familia imearifiwa kuwa mgonjwa yuko hatarini. Kwenye jalada ilikuwa imeandikwa hivyo kweli. Masikioni mwa bibi haikuwa imefika.

Namshukuru daktari yule kwa alichofanya baadaye. Alifunga jalada, akavuta kiti, akaketi, akaanza upya kwa maneno ya kawaida: mapafu yameshindwa, dawa hazifanyi kazi tena, nadhani mumeo anakufa, nadhani ni siku moja au mbili. Nami nikayasema hivyohivyo. Bibi akanyamaza, kisha akauliza kibla kiko upande gani wa chumba.

Mwana wa London aliwahi. Alimkuta baba yake akiwa hai, akamsomea Yasin na kumtamkisha shahada. Binti wa Muscat hakuwahi. Ule usiku mmoja uliopotea ndio uliokuwa usiku wa safari yake.

Yule kijana alinifuata nje ya wodi akaniuliza, "Anti, si 'poorly' ni kuumwa kidogo?" Nilimwambia ukweli: shuleni kwako ndivyo, na ulitafsiri neno unalolijua vizuri. Wenye kustahili kuulizwa ni watu wazima waliomkabidhi mtoto habari ya kifo cha babu yake bila hata kumwambia kwamba ni habari ya kifo. Utaratibu wa huduma za afya huku unataka mkalimani aliyefunzwa, kwa gharama ya hospitali, na hautaki watoto watumiwe kutafsiri. Kijana yule alikuwa na haki ya kuwa mjukuu tu jioni ile.

Nilipojiandaa kwa mtihani wa stashahada ya ukalimani wa huduma za umma, ule unaotolewa na Chartered Institute of Linguists, daftari langu la upande wa afya lilijaa maneno makubwa: kiharusi, uvimbe, usafishaji wa figo, upasuaji wa moyo. Nilikariri mifupa na viungo. "Poorly" haikuwemo, wala "comfortable", wala "off colour" na "under the weather", ambayo yote mawili ni kutojisikia vizuri. Maneno makubwa ya kitabibu hayasumbui sana, kwa sababu daktari mwenyewe anajua kuwa ni magumu, hivyo huyafafanua. Maneno ya nyumbani hayafafanuliwi na mtu yeyote.

Sasa, ninapolisikia neno hili wodini, nasimama. Kanuni za kazi yetu haziniruhusu kuongeza wala kupunguza. Daktari akisema "mimi", nami nasema "mimi"; akinong'ona, nanong'ona. Lakini kanuni hizohizo zinaniruhusu kuomba ufafanuzi, ilimradi niwaambie wote wawili kwamba anayesema sasa ni mimi. Kwa hiyo nasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya kawaida: mkalimani anaomba ufafanuzi, unaposema "very poorly", unamaanisha kwamba mgonjwa anaweza kufa kwa ugonjwa huu? Kisha nawageukia wenyewe kwa Kiswahili: nimemwuliza daktari anamaanisha nini kwa neno alilotumia.

Majibu hutofautiana, na ndiyo sababu nauliza badala ya kukisia. Daktari mmoja kijana alibadilika uso, akatazama sakafu, kisha akasema ndiyo, ndicho ninachomaanisha, na kuanzia hapo mazungumzo yakanyooka. Mwingine alishtuka akasema hapana, hapana, namaanisha atakaa nasi kama wiki moja, kifua kimechafuka lakini atarudi nyumbani. Fikiria kama ningekuwa nimetanguliza makisio yangu mwenyewe na kuwaliza watu bure. Wapo pia wanaokasirika kidogo, wakaona nimewalazimisha kutamka neno walilokuwa wakilizunguka. Nawaelewa. Kumwambia mtu usiyemjua kwamba mama yake anakufa ni kazi ngumu, na ulimi hutafuta mahali laini pa kukanyaga. Lakini ulaini ule unamsaidia msemaji peke yake. Msikilizaji anabaki gizani, na muda unakwenda.

Kuna kitu kimoja kinachonisaidia kujua uzito kabla hata sijauliza. Wodi nyingi za watu wazima Uingereza hutumia mfumo wa alama uitwao NEWS, uliotolewa na Royal College of Physicians mwaka 2012 na kurekebishwa mwaka 2017. Nesi hupima vitu sita: kasi ya kupumua, oksijeni kwenye damu, presha, mapigo ya moyo, joto la mwili, na kama mgonjwa yuko macho na akili zimetulia. Kila kimoja hupewa alama 0 hadi 3, na mgonjwa anayepewa oksijeni huongezewa 2. Jumla ikifika 5, daktari anatakiwa aitwe haraka. Ikifika 7 au zaidi, ni dharura. Basi nikimsikia nesi akisema mgonjwa "is scoring" 9, na dakika mbili baadaye daktari akawaambia wenyewe kwamba ni "a bit poorly", najua mawili hayo hayakai pamoja na swali langu liko tayari. Nambari yenyewe siwaambii familia, maana si kazi yangu. Nahakikisha tu kwamba anayepaswa kuwaambia amewaambia.

Haya yote ni upande wa Kiingereza. Upande wetu nao una mashimo yake, na mtu asidhani Kiswahili kimenyooka kwenye jambo hili.

Pwani, mtu akiwa mgonjwa twasema hawezi. "Siwezi leo" ni kichwa kinauma. "Mzee hawezi" inaweza kuwa mafua, na inaweza kuwa watu wameshaanza kukusanyika uani. Kama "poorly", lote limo katika sauti ya msemaji. Nikimtafsiria bibi wa Mombasa kwa neno hilo, nitakuwa nimeutoa ukungu wa Kiingereza na kumletea ukungu wa Kiswahili.

Kuna neno mahututi, na wengi hudhani ndilo jibu. Nimelitumia kwa uangalifu sana, kwa sababu Kenya na Tanzania mahututi amefungamana na chumba chake. Ukiiambia familia kwamba mgonjwa ni mahututi, swali linalofuata ni hili: mbona basi yuko wodi ya kawaida? Mbona hajapelekwa chumba cha wagonjwa mahututi? Wanabaniwa kwa kuwa ni wageni? Ilhali daktari alikuwa akijaribu kuwaambia kwamba mgonjwa amefika mahali ambapo chumba kile hakitamsaidia. Nimeona mazungumzo yakigeuka ugomvi kwa neno hilo moja. Kwa hiyo, daktari akishathibitisha maana yake, nasema kwa urefu: ugonjwa umemzidi nguvu, na huenda akafariki. Ni maneno mengi kuliko "very poorly". Acha yawe mengi.

Halafu wako Wakongo. Kati ya mwaka 2004 na 2020 mpango wa Gateway ulileta wakimbizi kutoka kambi mbalimbali duniani, wakiwemo Wakongo wengi, katika miji ya kaskazini kama Sheffield, Hull na Bradford, na Kiswahili chao cha Kivu na Katanga kina mapito yake. Kwao mtu "eko mugonjwa". Mahututi, ambalo mtu wa Dodoma analisikia kila siku redioni, kwa wengi wao ni neno la kitabuni. Nawapenda kwa jambo moja: wazee wao huuliza moja kwa moja. Baba mmoja alimsikiliza daktari akizunguka na "poorly" yake mara tatu, akainua mkono. "Mama, muulize docta: atapona ao hapana?" Nikauliza hivyo. Daktari akavuta pumzi akasema, sidhani kama atapona. Baba akaitikia kwa kichwa, akamshukuru, akapiga simu kwa mchungaji. Jioni wodi ilikuwa na watu wanaomwombea mama mgonjwa kwa nyimbo, wauguzi wamefunga mlango ili waimbe kwa nafasi, na mgonjwa mwenyewe alikuwa bado na fahamu ya kusikia.

Neno la pili ambalo ningependa kila Mswahili wa huku alijue ni "comfortable". Linatisha kuliko "poorly" kwa sababu linasikika kama habari njema. Mgonjwa ni "comfortable": ametulia, yuko starehe. Mtu hupiga simu nyumbani Tanga kuwaambia wenzake mgonjwa anaendelea vizuri. Na huenda ni kweli, kama ametoka kwenye upasuaji mdogo. Lakini daktari anaposema sasa lengo letu ni "to keep him comfortable", mara nyingi amesema kwamba matibabu ya kuponya yamesimama, na kilichobaki ni kuondoa maumivu hadi mwisho. Hapo pia nauliza: unamaanisha mmeacha kuutibu ugonjwa wenyewe? Ni swali gumu kulitoa kinywani, na bado nalitoa.

Waingereza wenyewe waliumizana kwa lugha hii. Mwaka 2013 jopo lililoongozwa na Baroness Julia Neuberger lilichunguza utaratibu wa kuwahudumia wanaokaribia kufa ulioitwa Liverpool Care Pathway, na miongoni mwa malalamiko ya familia ni kwamba hawakuambiwa waziwazi kuwa jamaa yao anakufa. Utaratibu ule ukaondolewa. Mwaka 2014 ukatolewa mwongozo mpya wa mambo matano ya kutangulizwa, na la kwanza kabisa ni kwamba mtu akionekana huenda akafa ndani ya siku au saa chache, jambo hilo litambuliwe na lisemwe kwa uwazi. Kwa hiyo unapomwomba daktari aseme wazi, humvunjii heshima wala huleti uchuro. Unamwomba atimize kilichokwisha andikwa.

Najua kwetu wapo wanaoona kutaja kifo mbele ya mgonjwa ni kumwombea kifo. Mama mmoja aliniomba nisimtafsirie mumewe sentensi hiyo. Sikuweza kukubali, kwa kuwa mgonjwa alikuwa na akili zake na daktari alikuwa akisema naye. Nilichoweza kufanya ni kumwambia daktari, mbele ya wote, kwamba mke ana ombi kuhusu namna ya kuzungumza. Daktari akamwuliza mgonjwa mwenyewe: ungependa kujua kiasi gani? Mzee akajibu, niambieni yote, nina madeni ya watu. Akataja anaowadai na wanaomdai, mkewe akiandika nyuma ya bahasha.

Ukiwa na mgonjwa huku, omba mkalimani mapema, siku ya kulazwa, usingoje hali ibadilike. Usiku hospitali zinaweza kumpata kwa simu. Waambie watumie simu hiyo badala ya mwanao. Sema pia unataka Kiswahili cha wapi, cha pwani, cha bara au cha Kongo, maana kwenye fomu huandikwa Kiswahili tu, na anayepanga miadi hana namna ya kujua tofauti mpaka umwambie. Na daktari akisema "poorly", kabla hajageuka kwenda kitanda kinachofuata, mwulize kama anamaanisha mgonjwa anaweza kufa, na kama waliopo mbali waitwe leo.